Jumada ya Jaja na Aprili ya Mama

Enzi zetu tarehe haikuwa kitu cha kubonyeza. Tarehe ilikuwa na wenyewe. Ukitaka kujua leo ni ngapi, ulibisha hodi kwa mwenye kalenda, ukasalimia, ukauliza hali ya wagonjwa, ndipo ukasogea ukutani kutazama. Watoto wa siku hizi ukiwauliza tarehe wanaangalia mkononi, na simu ikiishiwa chaji hawana uhakika hata na mwaka. Sisi tulijua. Tulijua hata tarehe ambazo ingekuwa salama zaidi kutozijua.

Nyumba yetu ya Walukuba, pale Jinja, ilikuwa na vyumba viwili na kalenda mbili. Kalenda ya kwanza ilikuwa ya Mama. Ilikuwa ya karatasi, ina picha ya trekta jekundu, na aliletewa na dereva mmoja wa lori kutoka Kenya ambaye alikuwa akinunua maandazi yake. Ya pili ilikuwa ya Jaja, yaani bibi yetu mzaa baba, nayo haikutundikwa popote kwa sababu ilikuwa mbinguni. Jaja alihesabu miezi kwa mwezi wenyewe. Ulipokaribia kuandama alijifunga leso, akatoka uani, akasimama akitazama magharibi, juu ya mabati ya jirani. Akishauona alirudi ndani na kututangazia sote, pamoja na kuku.

Mama alikuwa mtu wa Mbale, mtaa wa Nabuyonga, na alikuwa Muislamu sawasawa na Jaja, wa kufunga na kuswali bila kukumbushwa. Ila alikuwa amesoma, na aliamini kwamba tarehe haipaswi kusubiri mawingu yaondoke. Jaja naye aliamini kwamba siku zilizopangwa na karani wa Nairobi ni za kulipia kodi tu. Mtoto aliyekulia kati ya wanawake hao wawili alijifunza mapema kutouliza "leo ni siku gani" wakiwa wote wamo chumbani.

Shuleni pia tarehe ilikuwa jambo zito. Mwalimu wetu wa historia alikuwa na desturi ya kusimama mbele yetu kila asubuhi na kusema, "Siku kama ya leo..." kisha anatuambia kilichotokea: bwawa lilifunguliwa, uhuru ulipatikana, jeshi lilichukua serikali. Vitabu vilikuwa vimekwisha, vingine kwa panya na vingine kwa wauza karanga waliovihitaji kufungia, kwa hiyo alitegemea kichwa chake. Serikali ilipobadilika habari zake hazikubadilika. Alibadilisha uso tu. Siku aliyokuwa akiitaja kwa tabasamu, mwaka uliofuata aliitaja kwa huzuni, kwa maneno yaleyale, na sisi tulipiga makofi au tuliacha kupiga makofi kwa kumfuata yeye.

Tulikaa juu ya matofali, kila mtoto na lake, tukalibeba kwenda nyumbani jioni ili lisiibwe. Baada ya shule tulicheza kwepena, ule mchezo wa kukwepa mpira wa vitambaa, mpaka mmoja wetu apigwe puani. Sabuni ilikuwa ya foleni, sukari ya foleni, na mara nyingine foleni ilikuwepo bila kitu chochote mbele yake, watu wamejipanga kwa tahadhari. Chai tulikunywa kwa kipande cha muwa. Mama alipopata malewa kutoka kwao, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, aliyapika kwa karanga za kusaga, na Jaja alisema kila mara kwamba huko Mbale wanakula fenicha. Kisha aliomba aongezwe.

Baba yetu alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Sikumbuki maneno yake mengi. Nakumbuka alivyonuka mafuta ya mashine na pamba, na nakumbuka baiskeli yake, ambayo aliipangusa kila jioni kabla hajanawa uso. Aliuawa kwa ajili ya baiskeli hiyo, alfajiri ya siku ile Jinja ilipochukuliwa na jeshi lililotoka Tanzania. Askari wa serikali iliyokuwa inaanguka walikuwa wanakimbilia mashariki kwa chochote chenye magurudumu. Wawili walipita kwetu, wakaitaka baiskeli. Baba akawaambia imetoboka tairi la nyuma, na ilikuwa kweli imetoboka. Hawakumwamini. Walimpiga risasi, wakaichukua, na majirani waliikuta imetupwa karibu tu, kwa sababu tairi la nyuma lilikuwa limetoboka.

Tulimzika alasiri. Imamu alipata wanaume wanne tu wa kubeba jeneza, kwani wengine wote walikuwa barabarani kuwashangilia wakombozi. Sisi tulikuwa tunatoka nyumbani na maiti, mji mzima ukawa unapiga vigelegele. Nilikuwa msichana wa miaka minane na nilidhani wanampigia Baba. Tulipofika njia kuu, askari mmoja mgeni aliyekuwa akitembea kwa miguu alituona, akavua kofia yake, akasimama mpaka tukapita. Mama alimkumbuka yule kijana maisha yake yote na hakuwahi kujua jina lake.

Hivyo ndivyo siku moja ilivyobeba mambo mawili, furaha ya mji na msiba wetu. Na mwaka ulipokaribia kutimia, ndipo kalenda zetu mbili zilipoanza vita yao wenyewe.

Kwa Mama, mumewe alikufa tarehe ishirini na mbili Aprili, na hitima ya mwaka ingesomwa tarehe ishirini na mbili Aprili. Kwa Jaja, mwanawe alikufa mwezi wa Jumada, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa karatasi kwa siku kumi na moja hivi. Kwa hiyo hitima ingesomwa mapema.

"Muislamu hafi kwa kalenda ya trekta," Jaja alisema.

"Na mimi sikuwa mjane wa mwezi," Mama alijibu. "Nilikuwa mjane wa Jumapili, watu hawajaenda hata kanisani."

Waligombana wiki nzima. Waligombana wakichambua mchele, wakifua, wakiota moto. Walukuba zile kuta ni nyembamba na majirani zetu walikuwa watu wa kusikiliza. Wengine walianza kuleta vigoda. Kila mmoja aliapa kwamba hatakanyaga hitima ya mwenzake. Sisi watoto tulijitia huzuni kwa adabu, lakini tulikuwa tumeshaelewa kwamba maana yake ni pilau mara mbili, na katika miaka ile jambo hilo lilitosha kumfanya mtoto amheshimu mwezi na trekta kwa pamoja.

Jaja akaangalia mwezi wake, akahesabu kwa vidole, akaitisha wazee. Kile ambacho hakuhesabu ni kwamba siku aliyoichagua ilikuwa, kwa karatasi, tarehe kumi na moja Aprili. Ilikuwa inatimia mwaka tangu Kampala ianguke na mtawala wa kijeshi akimbie. Mji ulikuwa umeambiwa usherehekee. Ngoma zilianza kiwanjani asubuhi, vijana wakapakwa unga usoni, na katikati ya yote hayo, nyumba moja ya Waislamu pale Walukuba ilikuwa imejaa wazee wenye kanzu, wanasoma Yasini na kufuta machozi.

Wenzangu mnaokumbuka miaka ile mnajua hilo lilimaanisha nini. Yule mtawala alikuwa Muislamu, na baada ya kukimbia kwake watu wengi walituangalia kama ndugu zake wa tumbo moja. Misikiti ilikuwa imetupiwa mawe. Wanaume walikuwa wanachukuliwa kwa lori kwenda kuulizwa maswali mafupi, na baadhi yao walirudi.

Afande mmoja wa jeshi jipya akaja na askari wawili. Lori lilibaki barabarani, injini inaunguruma. Alisimama mlangoni, akatutazama sote, akauliza kwa kile Kiswahili cha kambini ambacho sote tulikiogopa kuliko bunduki:

"Nyinyi nalilia nani hapa?"

Imamu alisema, "Tunamwombea marehemu, afande."

"Marehemu gani? Watu yote iko kiwanja nacheza, nyinyi iko ndani nalia. Ni ile mzee yenu alikimbia, si ndiyo?"

Jaja aliinuka. Alikuwa mfupi na hakuwa na meno ya mbele, lakini aliinuka. "Afande, ni mtoto yangu. Walimuua siku Jinja ilichukuliwa."

"Jinja? Jinja mimi mwenyewe naingia na hii miguu. Ilikuwa ishirini na mbili. Leo ni kumi na moja. Mama, usidanganye serikali."

Hapo Jaja akaanza kumweleza afande habari za mwezi. Alieleza vizuri, na kila alivyoeleza mambo yalizidi kuharibika. Alimwambia mwaka wa Mungu unatembea mbele ya mwaka wa ofisi. Alimwambia mwakani siku hii itakuwa mwezi wa tatu, na baadaye itafika Krismasi. Afande alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole, "Kwa hiyo huyu mtoto yako nakufa kila mwaka siku tofauti?"

"Ndiyo," alisema Jaja.

Afande akawaambia wazee wasimame, wavue kofia, watoke mmoja mmoja. Imamu alikuwa wa kwanza. Nilimwona akitafuta kiatu chake kwa mguu, huku macho ameyaelekeza ukutani. Mke wake alikuwa jikoni na sisi, na alianza kulia bila sauti.

Mama hakuwa ndani. Alikuwa ametimiza kiapo chake. Tangu asubuhi alikuwa nyuma ya nyumba anafua shuka moja, shuka ileile, ili kila mtu aone kwamba hii si hitima yake. Askari mmoja akamleta mbele, mikono inadondosha maji.

"Wewe ni nani?"

"Mimi mke ya marehemu."

"Bwana yako alikufa lini?"

Kila mtu mle ndani alijua jibu la Mama. Alikuwa amelisema wiki nzima, kwa sauti. Akisema ishirini na mbili, lori litaondoka na wazee. Akisema leo, basi amempa Jaja ushindi mbele ya msikiti mzima, yeye ambaye hakuwahi kumpa hata kijiko bila kumuuliza ni cha nini. Jaja alimtazama, kisha akatazama chini. Nadhani alikwisha kata tamaa.

Mama alijifuta mikono kwenye gauni, polepole.

"Afande," alisema, "mimi nahesabu na kalenda, na yangu bado haijafika. Huyu mama nahesabu na mwezi, na yake ni leo. Mimi na yeye tumegombana hii maneno mpaka jana. Lakini mtoto ni yake, alimzaa yeye. Leo ni siku ya kulia kwake, na haki iko kwake. Kama naona uongo, chukua mimi, acha wazee. Na kama hauamini tumegombana, uliza hao majirani."

Afande akageuka. Dirishani kulikuwa na vichwa, kama ilivyokuwa kawaida.

"Ni kweli hawa nagombana?"

Sijapata kuona watu wakitoa ushahidi kwa moyo mkunjufu namna ile. Walisema wote kwa pamoja. Waliyataja matusi kwa mpangilio, nani alianza, nani alijibu nini kuhusu malewa. Mzee mmoja aliigiza sauti ya Jaja na akaipatia. Mwanamke mwingine, Mkristo, ambaye hakuwa amekuja kwetu tangu msiba, aliapa kwa Biblia kwamba hajalala siku tatu kwa ajili ya mwezi wa hao Waislamu. Afande aliinua mkono kuwanyamazisha, na ikachukua muda.

"Banange, jamani," alisema mwishowe. Alionekana amechoka. "Watu ya kugombana hivi haina nafasi ya siasa."

Aliamuru dua imalizwe, kisha wazee wote waende kiwanjani kupiga makofi. Walikwenda hivyohivyo na kanzu zao, wakapiga makofi, na imamu, nimeambiwa, alicheza kidogo. Afande mwenyewe alibaki nyuma kula pilau akiwa amesimama. Aliuliza hiyo hitima ya kalenda itakuwa lini hasa, na Mama akamwambia.

Jaja hakumshukuru Mama. Katika nyumba yetu kushukuru kulikuwa ni kuanzisha jambo lingine. Lakini tarehe ishirini na mbili ilipofika, niliamka nikasikia kinu. Jaja alikuwa ameketi uani kabla ya alfajiri, anatwanga bizari ya pilau ya Mama, na pembeni yake vitunguu saumu vimeshamenywa. Mama alitoka, akamwona, akasimama.

"Si siku yake," Jaja alisema bila kuinua uso. "Nimeamka tu."

Mama akachukua kigoda, akakaa naye.

Tangu hapo tulikuwa na hitima mbili kila mwaka, na ugomvi mmoja mrefu wa kuziunganisha. Nyumba ya Walukuba haikudumu mikononi mwetu, kwani ilikuwa ya wafanyakazi na mfanyakazi wetu hakuwepo tena. Mama akaamua kurudi kwao Nabuyonga. Akamfungasha na Jaja. Ndugu zake wa Mbale walishangaa, mjane anarudi nyumbani amembeba mama mkwe kama sehemu ya mizigo, na walimuuliza kwa faragha kwa nini asimwache kwa watu wake Busoga.

"Nitagombana na nani?" Mama aliuliza.

Huko Mbale mwezi wa Jaja uliendelea kurudi nyuma kupitia miezi ya watu. Ukafika Machi, ukafika Februari. Serikali nayo ikabadilika tena, kwa vita tena, na msituulize zaidi. Ndipo mwaka wa kwanza wa serikali mpya ulipotimia, mwishoni mwa Januari, bendera zimetundikwa mpaka kwenye mabanda ya nyanya. Mama alikwenda kutazama kalenda yake, akahesabu, akakaa kitini.

"Mama," alimwambia Jaja, "safari hii siku yako imewaangukia hawa nao."

Jaja alisema si kosa lake, serikali ndizo zinazopinduana bila kuangalia mwezi. Mama akajifunga leso, akaenda mwenyewe kumweleza mwenyekiti wa kamati ya mtaa kabla hajaja kuulizwa. Mwenyekiti alielewa. Alielewa kiasi kwamba alikuja na mke wake, akahutubia hitima kuhusu ukombozi, na hotuba yake ilikuwa ndefu kuliko Yasini. Jaja alisinzia. Alipoamshwa alisema "Amina".

Alifariki miaka michache baadaye, usingizini, na wote wawili, trekta na mwezi, hawakuwa na ubishi juu ya siku hiyo kwa sababu hapakuwa na wa kuubisha. Mwaka uliofuata tulidhani Mama atabaki na Aprili yake peke yake. Alikuwa ameshinda, kwa maana fulani. Lakini jioni moja nilimkuta uani, leso ya Jaja kiunoni, mlima wa Wanale uko nyuma yake, anatazama magharibi.

"Aprili yangu hata mkisahau mtaikuta ukutani," aliniambia. "Hii ya Jaja yenu, nisipotoka mimi kuitafuta, imekwisha."

Akaacha ya Aprili. Miaka yote iliyobaki alimsomea Baba hitima kwa mwezi.

Mwezi ukazunguka mwaka mzima, ukapita Krismasi kama Jaja alivyomwahidi afande, ukapita siku za kuzaliwa za wajukuu, mpaka ukakaribia tena Aprili. Tulifurahi kama watu wanaongoja mgeni. Tulidhani siku mbili zitakutana na Mama atazipata zote kwa pilau moja. Mwanangu akahesabu kwenye simu, akasema hazikutani, zinapishana kwa siku chache tu. Akapendekeza tuchukue Jumamosi ya katikati ili watu wa Kampala waweze kufika. Mama akampa sinia la mchele achambue.

Siku hizi kila kitu kinakumbukwa bila mtu kukumbuka. Simu inawaambia vijana leo nani kazaliwa, leo nani kafa, leo nchi gani ilipata uhuru, na wao wanaweka picha ya mshumaa, wanaendelea na chai. Siwalaumu. Hakuna aliyewahi kuwapeleka uani. Lakini sisi tuliishi miaka ambayo hapakuwa na sabuni wala sukari wala uhakika wa kesho, na bado walikuwepo wanawake wawili waliokuwa tayari kugombana mpaka usiku juu ya siku ya kumlilia mtu mmoja. Baba yangu alizikwa na wanaume wanne. Sijui rais gani amegombaniwa namna ile.

Mama alifariki juzijuzi. Baada ya mazishi tulikaa sebuleni Nabuyonga, watoto na wajukuu, kupanga siku ya dua ya kila mwaka. Mpwa wangu akasema ataiweka kwenye simu za wote, iangukie Jumamosi ya karibu. Wote wakakubali. Chai ilikuwa bado ya moto.

Nilisubiri mtu abishe. Nilisubiri kweli. Mwishowe nikasema mwenyewe, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kwamba mimi Mama yangu nitamhesabia kwa mwezi, na mwenye kalenda ya simu abaki nayo.

"Sawa, Shangazi," wakasema vijana wote. "Kama unavyopenda."

Nikainuka, nikaingia chumbani kwa Mama, nikafunga mlango, nikalia.